Usipoziba Ufa: Mhifadhi wa Vyombo na Turathi ya Kaskazini Mashariki

Katika kaunti ya Garissa neno mhifadhi halihitaji kufasiriwa. Likitajwa, wengi humwona akilini mtu aliyevaa sare, mwenye darubini kifuani, anayewalinda wanyama wa porini. Hifadhi ya jamii ya Ishaqbini, kule Ijara, imechangia pakubwa kuijenga taswira hiyo. Humo hulindwa hirola, swala adimu ambaye makao yake ya asili ni maeneo ya mpaka wa Kenya na Somalia, na tangu mwaka 2012 kundi lake moja huishi ndani ya eneo lililozungushiwa ua ili lisimalizwe na wanyama wakali. Wafugaji wenyewe walikubali sehemu ya malisho yao itengwe kwa ajili hiyo. Ni jambo la kupongezwa.

Hata hivyo, chombo ambacho wafugaji hao hao walikitumia kuhifadhia maziwa ya ngamia kwa vizazi na vizazi hakina ua wala mlinzi. Dhiil, chombo kinachosukwa kwa nyuzi za mimea na kufukizwa moshi ili maziwa yakae bila kuharibika upesi, kimeachia nafasi yake dumu la plastiki. Dumu lina sifa zake: ni jepesi, bei yake ni nafuu na hupatikana dukani wakati wowote. Hakuna awezaye kumlaumu mama anayelichagua. Swali linalofaa kuulizwa ni jingine. Chombo kilichoachwa kinakwenda wapi, na ni nani ajuaye namna ya kukitunza kisigeuke vumbi?

Makala haya yanashikilia kwamba taaluma ya mhifadhi wa sanamu na vyombo, ambayo vijana wengi wa Kenya hawajapata hata kuisikia, inahitajika Garissa, Wajir na Mandera kuliko inavyodhaniwa. Aidha, yanashikilia kwamba kila mwaka unaopita bila mtu kuandaliwa kwa kazi hiyo ni mwaka wa hasara isiyolipika.

Jina na maana yake

Yafaa kuanza na jina, maadamu kazi isiyo na jina haina mwombaji. Kiswahili hakikukosa maneno. Kuna kukarabati, kutengeneza, kurekebisha, kutunza na kuhifadhi. Tatizo ni kwamba maneno haya hutumiwa kama kwamba yote ni mamoja. Nyumba hukarabatiwa, barabara hukarabatiwa, na kinyago kilichovunjika mkono nacho husemwa kimekarabatiwa. Lakini aliyepaka nyumba rangi mpya ameifanya ipendeze, ilhali aliyepaka kinyago cha kale rangi mpya amekiua.

Mnamo 1984, kamati ya uhifadhi ya Baraza la Kimataifa la Makumbusho ilikutana Copenhagen na kuifafanua taaluma hii. Kazi iligawanywa katika hatua tatu: kukichunguza chombo, kukizuia kisiharibike zaidi, na mwishowe, pale inapolazimu tu, kukirekebisha ili kieleweke. Mpangilio huo una maana yake. Fundi wa kawaida huanza na nyundo, mhifadhi huanza na macho. Na mara nyingi, baada ya kutazama kwa siku kadhaa, huamua kutogusa.

Kati ya maneno yote yaliyotajwa, kuhifadhi ndilo linalobeba maana hii kwa ukamilifu, na watu wa Kaskazini Mashariki wanalijua kuliko wanataaluma wanavyofikiri. Katika kila duksi ya Garissa kuna mtoto anayehifadhi Kurani. Kuhifadhi huko ni kukiweka kitu moyoni bila kuongeza herufi wala kupunguza. Anayepamba au kusahihisha kwa kadiri ya matakwa yake hakuhifadhi. Hiyo ndiyo kanuni kuu ya mhifadhi wa vyombo. Neno lilikuwapo, na imani ya kulibeba ilikuwapo. Kilichokosekana ni mtu wa kuliambatisha na chombo cha maziwa.

Kazi ilivyo

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Siku ya kwanza ya mhifadhi ni ya daftari. Chombo hupewa namba, hupigwa picha kila upande, hupimwa na kuandikiwa ripoti ya hali yake: ufa uko wapi na una urefu gani, ni nyuzi zipi zimekatika, ni doa gani lililokuwapo kabla hakijafika. Bila ripoti hiyo hakuna ajuaye, baada ya miaka 5, kama ufa umekua au umebaki ulivyokuwa.

Baada ya hapo huja uchunguzi, na hapa ndipo ujinga huweza kufanya madhara makubwa. Chukua mfano wa dhiil. Ndani yake mna utando mweusi. Mtu asiyefunzwa atauona kuwa ni uchafu, ataleta sabuni na brashi, na kwa saa moja atakuwa amefuta ushahidi wa miaka 40. Utando ule ni masizi ya moshi uliotumiwa kukifukiza chombo, pamoja na mafuta ya maziwa. Humo mna habari za miti iliyochomwa na maziwa yaliyowekwa. Mhifadhi huuacha.

Chukua pia loox, ubao wa mbao anaoandikia mwanafunzi wa duksi. Wino wake ni wa masizi, nao huoshwa kwa maji ili aya nyingine iandikwe. Ndiyo sababu ubao huo hauwezi kusafishwa kwa kitambaa chenye maji: maandishi ya mwisho ya mwanafunzi yatakwenda na vumbi. Isitoshe, maji yaliyooshea aya si maji ya kumwaga popote, kama wajuavyo waliowahi kuandikiwa kombe. Mhifadhi asiyejua jambo hilo anaweza kuwa bingwa wa kemia na bado akaikosea heshima jamii nzima kabla ya saa ya chakula cha mchana.

Halafu kuna hali ya hewa. Joto la mchana Garissa hufikia nyuzi 35 na kupita, na hewa ni kavu kwa sehemu kubwa ya mwaka. Mbao hupoteza unyevu, hujikunja na kupasuka. Mvua zikinyesha, mbao ile ile hunyonya unyevu na kuvimba. Ni mabadiliko haya ya ghafla, kuliko ukavu wenyewe, yanayokivunja chombo. Mchwa hula kutoka chini, bungua hula kutoka ndani, nondo hushughulikia ngozi na manyoya. Katika nchi tajiri, chombo chenye wadudu hufungwa katika plastiki na kugandishwa kwenye baridi kali kwa siku kadhaa. Pasipo na umeme wa kutegemewa kuna njia nyingine: chombo hufungwa katika plastiki nyeusi na kuanikwa juani kwa kipimo, hadi joto liwaue wadudu. Garissa haijawahi kukosa jua. Inachokosa ni mtu ajuaye ni vyombo vipi vinavyostahimili joto hilo na ni vipi, kama vile vilivyopakwa mafuta au utomvu, vitakavyoharibika kwalo.

Ikifika hatua ya kuunganisha kilichovunjika, sharti ni moja: lolote litendwalo leo liweze kutenduliwa kesho. Kwa hiyo mhifadhi haitumii gundi ya seremala. Hutumia utomvu wa viwandani kama Paraloid B-72, ambao huyeyushwa kwa asetoni hata baada ya miaka mingi. Anakiri kwa tendo hilo kwamba atakayekuja baada yake huenda akajua zaidi. Na iwapo chombo kilikwisha kushonwa na mwenyewe zamani, kama vibuyu vinavyoshonwa kwa uzi au ukanda wa ngozi vikipata ufa, mshono ule hauondolewi. Nao ni sehemu ya historia. Mama aliyeshona kibuyu alikuwa mhifadhi kabla taaluma haijapata jina.

Dai la kwamba mhamaji hana sanamu

Pingamizi la kwanza husemwa hivi: sanamu na vyombo vya thamani ni vya Lamu, vya Wamijikenda, vya Wamakonde. Msomali wa Garissa ni mfugaji na ni Mwislamu. Mfugaji hubeba vichache, na Mwislamu hachongi sura. Basi mhifadhi wa sanamu atafanya nini huko?

Dai hili linachanganya mambo mawili. Ni kweli kwamba sura za watu na wanyama hazimo katika sanaa ya Wasomali. Lakini uchongaji haukuanza wala haukuishia kwenye sura. Kengele ya mbao inayoning'inizwa shingoni mwa ngamia imechongwa. Mto wa mbao wa kulazia kichwa umechongwa, na umbo lake limepimwa kwa jicho lisilo na rula. Vijiko, mabakuli na vyetezo vya mawe laini vimechongwa. Na aqal, nyumba ya mhamaji, yenye fito zilizopindwa na mikeka iliyosukwa na wanawake, ni umbo linalosimamishwa, kubomolewa, kupakiwa juu ya ngamia na kusimamishwa tena kwingineko. Anayeiona kuwa kibanda tu hajaitazama.

Fauka ya hayo, Kaskazini Mashariki si ya Wasomali peke yao. Mto Tana unapita kando ya mji wa Garissa, na kwenye kingo zake huishi Wamunyoyaya, Wamalakote na, kuelekea chini, Wapokomo. Hawa ni watu wa mtumbwi, kinu na ngoma. Historia ya Wapokomo inatoa mfano unaouma. Ngoma yao takatifu iitwayo Ngadji ilitwaliwa na maafisa wa kikoloni wa Uingereza mwaka 1902, na tangu 1908 imo katika Makumbusho ya Uingereza, jijini London, ghalani. Wapokomo wameidai. Sheria ya makumbusho hayo ya mwaka 1963 inazuia vitu vyake kutolewa isipokuwa kwa masharti finyu mno.

Ngoma hiyo si peke yake. Mradi wa Kenya na Ujerumani uliolishirikisha Shirika la Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, ambao matokeo yake yalionyeshwa Nairobi mwaka 2021, uliorodhesha zaidi ya vitu 32,000 vya Kenya vilivyomo katika makumbusho ya Ulaya na Marekani. Wanaopinga kurejeshwa kwa vitu kama hivi huuliza, tena kwa sauti ya upole: vikirudi, nani atavitunza? Swali hilo ni la ujanja, kwa sababu vilitunzwa na wenyewe kabla havijaporwa. Lakini jawabu lake bora ni mtu kuliko hotuba: kijana wa Tana au wa Garissa mwenye shahada, aliyevaa koti jeupe, ameketi mbele ya chombo, anajua la kufanya.

Dai la kwamba watu wana njaa

Pingamizi la pili ni zito zaidi na halipaswi kupuuzwa. Kuanzia mwisho wa mwaka 2020 hadi 2022 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo. Mifugo ilikufa, na familia nyingi zilihamia pembezoni mwa miji zikiwa hazina kitu. Kisha, mwishoni mwa 2023 na tena mwaka 2024, Mto Tana ulifurika ukazamisha nyumba na mashamba. Katika hali hiyo, nani atathubutu kuomba fedha za umma ili atunze vibuyu?

Jawabu ni kwamba maafa hayo hayo ndiyo yanayoifanya kazi hii isingoje. Familia iliyopoteza ngamia haina tena sababu ya kusuka mikeka ya aqal wala nguvu ya kuibeba. Bibi aliyejua kusuka dhiil hadi isivuje anahamia mjini, mjukuu wake hajifunzi, na bibi akifa ujuzi unazikwa naye. Vyombo vilivyobaki huuzwa kwa mpita njia au huachwa chini ya mti. Ukame mmoja unaweza kufuta kile ambacho karne nzima ya mabadiliko haikufuta. Wenye mamlaka hupeleka malori ya maji, na ndivyo ipasavyo. Lakini hakuna sheria inayosema kwamba anayegawa maji hawezi kufuatwa na mtu mmoja mwenye daftari na kamera.

Wala gharama si kubwa kama inavyosemwa. Sehemu kubwa ya kazi hii ni ya kuzuia, na kuzuia ni rahisi kuliko kutibu: rafu iliyoinuliwa kutoka sakafuni ili mchwa na mafuriko visifike, pazia la kuzuia jua, sanduku lisilo na tindikali, mtego wa wadudu unaokaguliwa kila juma. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii huimbwa shuleni kama pambo, na huku ndiyo muhtasari kamili wa uchumi wa uhifadhi.

Kumbukumbu ya moto

Kuna sababu nyingine, nayo ni chungu. Kaskazini Mashariki ni eneo ambalo vitu vyake viliteketezwa kwa makusudi. Vita vya Shifta vya 1963 hadi 1967 viliwaondoa watu katika malisho na kuwakusanya vijijini chini ya ulinzi. Novemba 1980 mtaa wa Bulla Kartasi, mjini Garissa, ulichomwa na vikosi vya usalama. Februari 1984 yalitokea mauaji ya Wagalla, Wajir. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyatolea ripoti matukio hayo mwaka 2013. Na tarehe 2 Aprili 2015 watu 148, wengi wao wanafunzi, waliuawa katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Garissa.

Jamii iliyopitia hayo hubaki na vitu: kiatu kimoja, kitambulisho kilichoungua pembe, daftari la mihadhara, ufunguo wa nyumba isiyokuwapo tena. Si sanamu, wala hakuna mnunuzi angevitaka. Lakini kwa mwenye kufiwa vina thamani kuliko dhahabu, na kisheria na kihistoria ni ushahidi. Rwanda imelielewa jambo hili. Katika kanisa la Nyamata, nguo za waliouawa mwaka 1994 zimewekwa juu ya mabenchi ya kanisa, na kuzilinda dhidi ya vumbi, unyevu na wadudu ni kazi ya wahifadhi wa vyombo. Mwaka 2023 Nyamata iliingizwa katika orodha ya Turathi za Dunia. Nguo isiyotunzwa huoza, na ikioza, anayekanusha yaliyotokea hupata nafasi ya kusema. Mhifadhi akizuia nondo amezuia pia uongo.

Makosa ya wahifadhi

Ingekuwa udanganyifu kuisifu taaluma hii bila kutaja dhambi zake. Makumbusho ya zamani yalivinyunyizia vitu aseniki na DDT ili wadudu wasivile, na sumu hiyo imo bado katika baadhi yake. Chombo kinachorejeshwa kwa wenyewe kikiwa na sumu hakiwezi kushikwa kwa mikono mitupu, seuze kutumiwa katika ibada.

Kubwa kuliko sumu ni kosa la dhana. Vigango vya Wamijikenda, nguzo za mbao zilizochongwa kwa ajili ya marehemu, havikukusudiwa kudumu milele. Husimamishwa, huachwa katika jua na mvua, na huoza pale pale viliposimamishwa. Kuking'oa kigango ni kumsumbua aliyekufa. Hata hivyo, vilibebwa kwa mamia na kuuzwa ng'ambo kama sanaa, vikatunzwa vyema katika vyumba vya baridi. Vilihifadhiwa na huku vimepotea. Vigango viwili vilirudishwa kwa familia yake mwaka 2007, na vingine 30 kutoka makumbusho ya Denver, Marekani, vilirudi Kenya mwaka 2019. Kisa hiki kinafundisha kwamba si kila kinachooza kinaonewa. Kuna vitu ambavyo kuviheshimu ni kuviacha vifikie mwisho wake.

Kwa sababu hiyo mhifadhi wa Kaskazini Mashariki hana budi kuwa mtu anayeuliza kwanza. Je, chombo hiki wenyewe wanataka kidumu? Nani anaruhusiwa kukigusa? Kitoke nyumbani, au mwenye nacho afundishwe namna ya kukitunza hapo hapo? Maswali haya hayaulizwi kwa Kiingereza cha vitabuni. Huulizwa kwa Kisomali, kwa Kipokomo, kwa Kiswahili, huku chai ikinywewa. Mgeni aliyetumwa kutoka mbali kwa miezi mitatu hawezi kuyauliza ipasavyo. Ndiyo maana mhifadhi atoke huko huko.

Njia ya kuifikia kazi

Msomaji kijana atauliza: mtu huifikiaje kazi hii? Ni kweli kwamba njia ni ndefu. Kwa kawaida huanzia kwenye shahada ya akiolojia, historia, sanaa au kemia. Hufuatwa na mafunzo ya juu ya uhifadhi na miaka ya kujifunza kwa mikono chini ya bingwa. Ajira za mwanzo huwa za mkataba mfupi. Kazi yenyewe haina makofi, kwa kuwa mafanikio yake ni kwamba hakuna kilichotokea: hakuna kilichopasuka, hakuna kilicholiwa. Anayetaka kusifiwa na atafute kazi nyingine.

Lakini njia ipo na imekwisha kupitwa na Waafrika. Katika miaka ya 1990 mpango wa PREMA, ulioendeshwa na kituo cha kimataifa cha uhifadhi cha Roma, uliwafunza wataalamu wa makumbusho za Afrika. Ulizaa taasisi mbili: shule ya turathi ya Porto-Novo, Benin, mwaka 1998, na mpango wa makumbusho wa Mombasa, mwaka 2000. Mombasa hiyo hiyo ilikuwa na uzoefu wa awali. Merikebu ya Kireno iitwayo Santo António de Tanna, iliyozama mbele ya Fort Jesus mwaka 1697, ilichimbuliwa kuanzia 1977 hadi 1980. Mbao zilizokaa majini karibu miaka 300 hazianikwi juani. Zikianikwa hunywea na kuvunjika. Ilibidi maji yaliyomo yatolewe polepole na dawa iingie mahali pake. Ikiwa Kenya iliweza kujifunza kutibu mbao zilizoshiba maji, hakuna sababu ya kushindwa na mbao zilizokauka.

Sheria nazo zipo. Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka 2006 ingali inatumika. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeziweka makumbusho na shughuli za utamaduni miongoni mwa majukumu ya serikali za kaunti. Kwa hiyo Garissa, Wajir na Mandera hazihitaji kungoja ruhusa ya Nairobi. Zinahitaji mambo manne tu kwa kuanzia. Kwanza, kila kaunti iweke nafasi moja ya kudumu ya mhifadhi wa vyombo na kuilipia mafunzo kwa udhamini. Pili, Chuo Kikuu cha Garissa, kilichopewa hati yake mwaka 2017, kianzishe japo kozi fupi ya utunzaji wa turathi. Tatu, wanawake wanaojua kusuka dhiil na kusimamisha aqal waajiriwe kama walimu na walipwe kama walimu, si kuitwa siku ya sherehe ili wapigwe picha. Nne, daftari lianzwe sasa, hata kabla ya jengo kupatikana. Kuorodhesha hakungoji paa.

Wanafunzi wa Kiswahili nao wana fungu lao. Istilahi za taaluma hii hazijakusanywa ipasavyo. Ripoti ya hali, urejeshi, kinga, utando, mwatuko wa mbao: haya yanahitaji faharasa moja itakayoweza kusomwa na karani wa kaunti na mwalimu wa duksi vilevile. Kazi hiyo haihitaji maabara. Inahitaji kalamu, subira na safari kadhaa za kwenda kuwasikiliza wasemaji. Kiswahili ndicho kinachomkutanisha Mpokomo, Mmunyoyaya na Msomali sokoni Garissa, na ndicho kitakachowakutanisha mbele ya rafu ya makumbusho.

Hitimisho

Hirola alipokaribia kutoweka, wafugaji wa Ijara hawakusema kwamba wana njaa na hivyo swala afe. Walitenga ardhi, wakachagua walinzi, na leo yupo. Hilo linathibitisha kwamba moyo wa kuhifadhi haukukosekana huko. Kinachotakiwa ni moyo ule ule kuelekezwa kwa kilichotengenezwa na mikono ya wazee wao.

Swala akiachwa na jike lake kwa amani huzaa. Dhiil haizai. Ya mwisho ikishaoza, na msukaji wa mwisho akishazikwa, hakuna ua utakaoirudisha. Ufa umekwisha kuonekana. Aliye na udongo na aanze kuziba.